Swali la Tisa

Barua ilifika shuleni Jumanne, na kufikia saa nne ya chai hata mpishi alikuwa amekwisha kuisoma. Ilikuja katika bahasha yenye kidirisha, na kwenye kidirisha lilisomeka jina la Beth Wanja mwalimu wa nasari hiyo ya Ruiru, pamoja na sanduku la posta la shule. Karani wa shule aliifungua kama alivyofungua kila barua iliyoingia kwenye sanduku hilo. Ndani mlikuwa na mistari minne tu. Mgonjwa nambari 77 alikumbushwa kwamba hajarudi kuchukua dawa zake za kifua kikuu. Afike kliniki upesi, kwa usalama wake na wa watu anaokaa nao.

Madam Kalondu, mwalimu mkuu, alimwita Beth ofisini akamwacha asimame mlangoni. Kiti cha wageni kilikuwepo, lakini hakumwonyesha.

"Mwalimu Beth, hii ni nini?"

Beth aliisoma, kisha akaigeuza upande wa nyuma, kana kwamba maelezo yangekuwa huko.

"Hii si yangu, Madam. Hiyo kliniki hata mlango wake siujui."

"Jina ni la nani?"

"Ni langu."

"Na sanduku?"

"Ni la shule. Lakini Madam..."

"Nina watoto arobaini na wawili, Beth. Unawapangusa makamasi. Unawaonjea uji kama ni moto." Madam Kalondu hakuwa mtu mbaya, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Rudi nyumbani kwanza. Mpaka tujue."

Alipotoka alimkuta mpishi akikusanya vikombe vya walimu. Kikombe cha Beth alikishika kwa pindo la aproni, akakiweka peke yake kwenye ngazi ya jiko, mbali na vingine. Beth alikiona. Mpishi naye alijua kwamba ameonwa, akajifanya anatafuta sabuni.

&nbsp;

Ngendo alirudi kutoka kazini saa kumi na moja na nusu. Alimkuta mumewe, Zacharia, ameketi mezani bado ana buti za kiwandani miguuni, na Beth, dada yake Zacharia, amesimama karibu na dirisha. Beth aliishi nao hapo Ngoingwa, mjini Thika, mwaka wa pili sasa. Kila asubuhi alikwenda Ruiru kufundisha, jioni akarudi, na usiku alilala chumba kimoja na Nyokabi, mtoto wao wa miaka mitatu.

"Soma," Zacharia akamwambia mkewe, akaisukuma barua mezani kwa kidole kimoja.

"Nimemwambia si yangu," Beth alisema. "Kaka, naapa kwa kaburi ya mami, sijawahi kutibiwa huko."

"Na hicho kikohozi cha mwezi uliopita?"

"Ni vumbi ya chaki! Wewe mwenyewe ulininunulia dawa, kwa duka."

"Beth." Zacharia alijikuna kichwa. Alimpenda dada yake, na ndiyo sababu hasira yake ilikuwa na maumivu ndani. "Barua haijiandiki yenyewe. Kuna mtu ameandika jina yako. Huyo mtu amelitoa wapi?"

Ngendo alikuwa ameijua ile barua kabla hajafika mstari wa pili. Aliijua kama fundi anavyoijua nguo aliyoishona kwa mikono yake mwenyewe, hata akiikuta kwenye kamba ya mtu mwingine. Ile "kwa usalama wako na wa watu unaokaa nao" aliitunga yeye. Nambari 77 aliichagua yeye. Jina la Beth aliliandika yeye, Alhamisi moja kabla ya chakula cha mchana, huku akitafuna njugu.

Alikaa.

"Labda wamekosea," alisema.

"Nani amekosea?" Zacharia aliuliza.

"Hao... wa kliniki. Huwa wanakosea."

Alikuwa na nafasi ya kusema, sebule ilikuwa kimya na wote wawili wanamtazama. Aliiacha nafasi ile ipite, akainuka kwenda kubandika chai.

&nbsp;

Mambo yalikuwa hivi. Ngendo alifanya kazi kwa Bwana Kang'ethe, ambaye kampuni yake ndogo ya kompyuta ilikuwa na ofisi mbili: moja Thika, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, na nyingine Ruiru. Thika ndiko programu zilikotengenezwa. Ruiru kulikuwa na mashine kubwa ya kuchapisha, na karani mmoja, Apiyo, aliyechapisha barua za wateja, mmoja wao akiwa ile kliniki.

Mwaka huo, elfu moja mia tisa tisini na nane, Bwana Kang'ethe alileta programu mpya ya kutunza kazi yao. Kila badiliko lilihifadhiwa, mtu asipoteze kazi ya juzi. Aliyetaka kujaribu jambo alijikatia tawi lake, yaani nakala ya kando, akafanya vurugu zake humo bila kuligusa shina, ile kazi halisi. Kazi ikiiva, alitoa amri ya kusukuma, nayo ikapita kwenye waya wa simu mpaka Ruiru. Huko, barua za kila orodha ya wagonjwa iliyoingia zilichapishwa na kupelekwa posta.

Kabla ya kuanza kuitumia, Bwana Kang'ethe alimkabidhi Ngendo karatasi ya maswali kumi na mawili. Ajaribu moja moja, aandike alichokiona, atie sahihi. Swali la tisa liliuliza: mtu akitoa amri ya kusukuma bila kutaja tawi, programu husukuma nini?

Ngendo alijaribu maswali manane vizuri kabisa. Alipofika la tisa waya wa simu ulikuwa umekatika mara tatu, na ilikuwa Ijumaa saa kumi. Tena jibu lilionekana wazi. Programu ingesukuma nini zaidi ya lile tawi ambalo mtu yuko ndani yake? Hata mtoto angejibu. Akaandika, "Husukuma tawi unalofanyia kazi. Nimejaribu, iko sawa." Akatia sahihi, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye alijikatia tawi la majaribio ili aone kama majina na anwani vinaingia sawasawa kwenye kidirisha cha bahasha. Alihitaji wagonjwa wa uongo. Aliandika watatu: wawili aliwabuni, wa tatu akamwandika Beth na sanduku la shule, kwa kuwa aliijua anwani ile kwa moyo, ndiye aliyemchapia Beth barua ya kuomba kazi. Jumatatu moja baadaye, akiwa amerudi kwenye shina, alitoa amri ya kusukuma bila kutaja tawi.

&nbsp;

Jumatano Zacharia alihamisha kitanda cha Nyokabi. Hakusema neno, alikifungua, akakipitisha koridoni vipande vipande, akakifunga upya chumbani mwao. Nyokabi alifuata nyuma akilia kwamba anataka kulala kwa tata, shangazi yake. Beth alikuwa jikoni. Alisikia kila kitu.

"Mama Nyokabi," Zacharia alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "chunga mtoto asiende kwa Beth. Si ubaya. Mpaka tujue."

Ngendo angeweza kusema, "Hana chochote." Alisema, "Sawa."

Jioni hiyo Nyokabi alikimbia kumwonyesha shangazi yake kidonda cha goti, na Ngendo alimshika mkono akamvuta. Alimvuta, yeye aliyejua. Beth alirudi nyuma hatua mbili mwenyewe, ili kumrahisishia. Baada ya chakula alichukua sahani yake na kikombe chake, akachemsha maji kando, akaviosha peke yake, akaviweka kwenye dirisha la chumba chake. Ngendo alisimama pale jikoni ameshika taulo ya vyombo, hana cha kufuta.

"Kesho naenda hospitali kuu wanipime," Beth alisema bila kugeuka. "Wanasema unatema kohozi kwa chupa, asubuhi tatu. Utanisindikiza hata siku ya kwanza? Naogopa kukaa kwa hiyo laini peke yangu. Watu wa huku wananijua."

"Kesho? Kesho niko na kazi mingi, Beth."

"Haya. Si neno."

Akaenda peke yake, akiwa amejifunga leso kichwani hadi kwenye nyusi. Aliporudi alisimulia kwamba kwenye foleni alikutana na mama mmoja wa kanisani kwao. Mama yule alimsalimia kwa mbali, kwa kupunga mkono tu, kisha akabadilisha benchi.

"TB ya siku hizi si TB tu," Beth alisema, akicheka kicheko kisicho na hewa. "Unajua wanamaanisha nini."

Ngendo alijua. Nchi nzima ilijua. Alitoka nje akajifanya anaanua nguo, na nguo zilikuwa bado mbichi.

&nbsp;

Ijumaa simu ya ofisi ililia, na Bwana Kang'ethe aliipokea akiwa amesimama. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni daima. Kliniki ilikuwa imelalamika. Barua mbili zilirudishwa na posta kwa kuwa walioandikiwa hawajulikani, na kliniki haikuwahi kuwa na wagonjwa hao. Aliisikiliza simu, akaikata, kisha akapiga Ruiru.

"Apiyo! Hizo majina umetoa wapi?... Hapana, usiniambie zilikuja. Zitakujaje zenyewe? Hapa Thika kila kitu kimejaribiwa, nina karatasi hapa, imewekwa sahihi... Wewe umecheza na hiyo mashine. Jumatatu ulete funguo."

Ngendo aliisikia sauti ya Apiyo kwenye simu kutoka upande wa pili wa meza, nyembamba kama ya nzi kwenye chupa. Hakusikia maneno. Alisikia tu kwamba inaomba. Apiyo alikuwa mjane, ana watoto wawili, na kwa Ngendo alikuwa sauti ya kila siku: sasa Ngendo, umeamkaje, tuma basi niko tayari.

Ile karatasi ilikuwa mkononi mwa Bwana Kang'ethe. Sahihi yake Ngendo ilionekana kutoka mbali, yenye mkia mrefu aliojifunza kuuandika tangu akiwa kidato cha pili.

&nbsp;

Jumamosi asubuhi alikwenda ofisini wakati hakuna mtu. Alimpigia simu Apiyo, aliyekuwa ofisini Ruiru akifungasha vitu vyake.

"Apiyo, fungua mashine, tafadhali. Nataka tujaribu kitu."

"Kujaribu nini tena? Mimi si nimefutwa?"

"Fungua tu. Nakuomba."

Alikata matawi mawili mapya. La kwanza aliliita mahindi, la pili maharagwe, na katika kila moja akaweka karatasi yenye neno moja. Akarudi kwenye shina, mahali alipokuwa Jumatatu ile. Kisha akaandika amri ya kusukuma, peke yake, bila jina la tawi. Kidole kilisita juu ya kitufe. Wiki tano zilizopita kazi hii ingemchukua dakika kumi.

Akabonyeza. Modemu, yenye waya wake wa simu, ikalia, ikakoroma, ikashika. Taa zikacheza. Ikanyamaza.

"Apiyo, umeona nini?"

"Ngoja..." Kiti kikalia kule Ruiru. "Naona ya kawaida. Halafu naona mahindi. Na maharagwe. Zote zimekuja."

"Zote?"

"Zote, Ngendo. Kwani wewe ulituma gani?"

Ngendo alifunika kipaza sauti cha simu kwa kiganja. Usipoiambia, programu haichagui. Husukuma kila kilichomo ndani ya nyumba, kilichoiva na kibichi, cha kweli na cha uongo. Ndivyo ilivyoundwa, na hapakuwa na ubovu wowote ndani yake. Ilikuwa ikingojea mtu wa kuiuliza.

"Apiyo," alisema akiondoa kiganja, "si wewe. Ni mimi. Sikujaribu. Niliandika nimejaribu."

"Nimelia siku mbili," Apiyo alisema. "Watoto wananiuliza kwani nani amekufa."

Bwana Kang'ethe aliingia saa tano. Ngendo alimweleza yote akiwa amesimama, akamwonyesha jaribio kwenye skrini. Bwana Kang'ethe alilitazama, akaifuta miwani, akalitazama tena.

"Apiyo atabaki," alisema. "Hiyo nimekubali. Kliniki tutawaambia ni hitilafu ya waya. Na wewe usiandike kitu popote. Tunaelewana?"

"Huyo Beth ni wifi yangu. Amefukuzwa shule."

"Pole. Mwambie nyumbani, kwa siri. Lakini ukisimama mbele ya watu useme kampuni yangu inatuma watu magonjwa kwa posta, Ngendo, Jumatatu usirudi hapa."

&nbsp;

Aliwaambia mchana huohuo. Zacharia alikuwa akirekebisha mguu wa stuli. Beth alikuwa mlangoni, akichambua mchele kwenye ungo wake peke yake. Ngendo alisema akitazama sakafu. Alianzia mwisho, akarudi mwanzo, akajichanganya kwenye matawi na waya, mpaka Zacharia akasema, "Ngoja. Sema kwa lugha ya watu."

"Barua niliandika mimi. Ilikuwa ya kujaribu. Haikupaswa kutoka. Nilitakiwa nihakikishe haiwezi kutoka, na sikuhakikisha."

Zacharia aliweka nyundo chini. "Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne hii tumepita?" Alikuwa akihesabu, na Ngendo aliona uso wake ukifika kwenye kile kitanda. "Niliposhika kitanda ya mtoto, ulijua?"

"Nilijua."

"Ngai!" Alitoka nje, akaacha mlango wazi.

Beth hakuwa amesogea. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye mchele, taratibu.

"Nilitema kwa chupa mbele ya watu," alisema. "Nilikuomba unisindikize."

"Nisamehe, Beth."

"Ngoja, kuna kitu nataka kujua. Ulikuwa unataka jina ya kuandika, jina yoyote. Mbona hukuandika yako?"

Palikuwa na majibu kadhaa, na karibu yote yangesikika vizuri.

"Nilianza kuandika yangu," alisema. "Nikaifuta. Niliona ni kama kujiitia ugonjwa."

Beth aliinua kichwa akamtazama, mara ya kwanza tangu Jumanne. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyeuliza njia, akaelekezwa, na sasa anajua umbali uliobaki.

"Asante kwa kusema ukweli," alisema, akarudi kwenye mchele.

&nbsp;

Jumatatu Ngendo hakwenda kazini. Alikwenda Ruiru, kwa Madam Kalondu, ambaye alikuwa amewaita wazazi kwa sababu kumi na mmoja walikwisha kuwaondoa watoto wao. Walikaa kwenye viti vidogo vya nasari, magoti yakiwafika kifuani. Beth alisimama nyuma, karibu na picha za herufi.

Ngendo alisema jina lake. Alisema anakofanya kazi, akajisahihisha: alikokuwa akifanya kazi. Akaeleza kosa lake bila kulipunguza. Alipomaliza, baba mmoja mwenye koti la kaki aliinua mkono.

"Wewe ni nani yake, huyu mwalimu?"

"Ni wifi yangu."

"Aaa." Alijigeuza kwa wenzake. "Mnaona? Wametoka nyumba moja."

Wengine walicheka. Mama mmoja akasema ya kompyuta yeye hajui, yeye anataka karatasi ya daktari. Wengi wakaitikia: ndiyo, karatasi, alete karatasi. Ngendo alihisi shingo na masikio yakimchoma. Alikuwa amedhani kwamba ukweli ukitoka hufuta. Aliwatazama wale watu, akaona kwamba walilokwisha kulisikia kwanza ndilo lililokaa, na lake limekuja kukuta viti vyote vimejaa.

Karatasi ya daktari ilitoka Alhamisi. Hana kifua kikuu. Madam Kalondu alimpigia Beth simu kupitia kwa jirani, akamwambia aje nayo, wataibandika mlangoni, mambo yaishe. Beth alimsikiliza, akamshukuru, akasema hatakuja nayo.

"Kifua changu si tangazo, Madam," alisema.

&nbsp;

Alipata kazi mwezi uliofuata katika nasari moja ndogo ya kanisa huko Kalimoni, na chumba cha kupanga karibu yake. Zacharia alimsihi abaki. Alirudisha hata kitanda cha Nyokabi mahali pake, na Nyokabi akalala humo wiki mbili na shangazi yake, akijifunika kanga ya Beth. Lakini Beth alikwisha kuamua. Siku ya kuhama Zacharia alikuwa zamu, kwa hiyo ni Ngendo aliyemsaidia. Kazi alikuwa hana. Siku hizo alichapia watu barua kwa taipu chini ya ngazi za jengo moja mjini, na kila barua aliisoma mara tatu kabla ya kuitoa.

Kutoka stendi walibeba godoro wakilishika huku na huku, wakikatiza shamba la kahawa kwa njia ya mkato. Hawakuzungumza sana. Beth alimwambia aangalie mtaro, Ngendo akamwambia asante. Walipofika, mwenye nyumba, mama mnene mchangamfu, alikuwa akipura maharagwe uani. Aliinuka akajipangusa mikono, akampa Beth funguo, kisha akamgeukia Ngendo kwa tabasamu.

"Karibuni, karibuni. Na huyu ni nani yako, mwalimu? Mnafanana kutembea. Ni dada?"

Ngendo aliteremsha upande wake wa godoro. Kwa karibu miaka miwili Beth alikuwa akimtambulisha kwa watu kama dada yake, sokoni, kanisani, stendi, na hakuwahi kusita. Sasa alisita. Ngendo hakumsaidia, wala hakujaribu kutabasamu. Alisimama kwenye jua na vumbi la maharagwe, akingojea aambiwe yeye ni nani.

"Ni mama wa mtoto wetu," Beth alisema. "Amenisaidia kubeba."

Akafungua mlango, akashika ncha yake ya godoro, na kumngojea Ngendo ashike ya kwake.